Chujio Lililomeza Barua ya Jirani

Anwani yangu ya barua pepe inatumiwa na watu sita, na mimi ni mmoja wao.

Wageni wakisikia hivyo hushangaa, lakini kwa mtu aliyekulia Shinyanga jambo hili halina maelezo marefu. Tulipokuwa wadogo, kijiji kizima kilikuwa na sanduku moja la posta, la shule ya msingi. Barua ya mtu yeyote ilikuja kwa jina lake, na chini ya jina namba ya sanduku la shule. Mwalimu mkuu aliyasoma majina mstarini, nasi tukazipeleka nyumbani. Zilipokuja barua pepe, mtaa wetu ulifanya kile ulichozoea: ulitafuta mtu mwenye sanduku. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu nina shahada mbili, navaa miwani, na mchana huonekana nyumbani, jambo linalowafanya majirani waamini kuwa sina kazi. Wananiita Mwalimu ingawa sijawahi kufundisha. Naandika makala. Nimewahi kueleza hivyo mara mbili tatu, nikaona ni heri nibaki kuwa Mwalimu.

Basi fomu yoyote ikidai barua pepe, watu huweka yangu. Fundi redio alipata kwangu majibu ya chuo ya binti yake. Katibu wa kwaya hupata kwangu ratiba ya mashindano ya kanda. Nikiona ujumbe wa mtu napaza sauti juu ya ua, anakuja anasomewa. Ujira wangu ni heshima, na kila mwaka mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vikaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama hoja za mke wangu.

Kero yangu ilikuwa moja tu: dhahabu. Watu nisiowafahamu, kutoka nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani, walikuwa wananiandikia kila siku ili waniuzie dhahabu. Mimi, ninayeishi mahali ambapo ukianza kuchimba shimo la choo, kabla hujafika kiunoni wameshakuja watu watatu na sururu kukuuliza umeona nini. Ilikuwa sawa na kumtumia mtu wa Chato, kando ya ziwa, picha ya sato na kumwuliza kama amewahi kumwona samaki. Nilikereka zaidi kwa sababu waliniona mjinga, tena mjinga wa mbali.

Ndipo nikapata programu ya kuzuia barua taka. Niliipata kupitia tangazo lililokuja kwa barua pepe, bila mimi kuliomba. Msomaji ameshaona tatizo. Mimi, na shahada zangu, sikuliona.

Lilikuwa chujio linalojifunza. Linakaa katikati, kati ya dunia na programu yangu ya kusomea barua, na kila ujumbe unaoingia linaukagua kwanza. Ukiliambia "hii ni taka", linakumbuka. Kwa wiki kadhaa nilikaa nalo asubuhi na kikombe cha chai, nikilifundisha kwa subira ambayo watoto wangu hawakuwahi kuipata kwangu. Barua yenye neno dhahabu: taka. Yenye "hongera": taka. Yenye "umechaguliwa": taka. Inayotaka nijibu haraka: taka. Tena, kwa kuwa matapeli huniita Mama, Dokta, Mchungaji na chochote kile isipokuwa jina langu, nililifundisha pia kwamba barua isiyotaja jina langu ni taka. Nilipofika hapo nilijiona mtu mwenye akili sana. Wale watu watano wengine hawakunijia kichwani hata kidogo.

Chujio na programu ya barua hawakupatana tangu mwanzo. Programu ikawa inachukua muda wa kusonga ugali kabla ya kufunguka. Ikaniuliza neno la siri ambalo ilikuwa inalijua kwa miaka mingi, kisha ikalikubali yenyewe kabla sijajibu. Wakati mwingine ilisema imepokea jumbe kumi na mbili, halafu ikaonyesha hakuna hata mmoja. Nikasema ni mambo ya kuzoeana.

Halafu ukaja ukimya. Asubuhi baada ya asubuhi: hakuna ujumbe mpya. Hata mhariri wangu wa Dar es Salaam, mtu asiyeweza kukaa siku tatu bila kunidai makala, alinyamaza. Nilimwambia mke wangu kwamba hatimaye mhariri amejifunza kumheshimu mwandishi. Mke wangu anafundisha hisabati sekondari. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia mbaya, akaendelea kupiga pasi.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anaishi mwanamke anayeendesha lori la pamba. Msimu mzima hubeba marobota ya watu kutoka vituo vya vijijini hadi kiwandani, na jioni huliegesha lori nje ya nyumba yake, limefunikwa nyuzi nyeupe. Lori si lake. Mwenye lori ni mfanyabiashara wa mjini. Mwaka ule mgodi mmoja mkubwa wa Bugarama ulitangaza nafasi za kufundishwa kuendesha yale malori ya mgodini, ambayo tairi lake moja linampita mtu mrefu kwa kimo. Wanawake walihimizwa kuomba. Sharti mojawapo lilikuwa umri: usizidi miaka arobaini. Jirani yangu alikuwa na thelathini na tisa, tena thelathini na tisa iliyochakaa, yenye miezi michache tu iliyobaki. Akaomba. Kwenye anwani ya barua pepe, akaweka yangu.

Kila asubuhi alipita uani kwangu akielekea kwenye lori.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mayu. Umeamkaje?"

"Salama. Kuna chochote?"

"Bado."

Sikusema "bado" kwa kusitasita. Niliisema kama mtu aliyetoka kukagua mwenyewe dunia nzima na kuiona tupu. Naye, mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, alijibu "wabeja", ahsante, akaenda kuwasha gari. Siku moja aliongeza kwamba mwenye lori anataka jibu kabla mwezi haujaisha: anabaki naye msimu ujao, au gari apewe mtu mwingine? "Nimemwambia anisubiri kidogo," alisema. "Lakini yule si mtu wa kusubiri. Hata kwenye mkutano wa mtaa huwa anapiga honi."

Jumanne moja alikuja mchana, wakati ambao kwa kawaida yuko barabarani. Nilikuwa sebuleni na kompyuta, nafurahia ukimya wangu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akavua kofia.

"Mwalimu, kuna mwenzangu anakaa Ibadakuli, anaendesha gari la maji. Tuliomba pamoja. Leo nimekutana naye kituo cha mafuta. Ameitwa. Barua anayo tangu wiki iliyopita."

Hapa ndipo inapobidi niandike jambo ambalo ningependa kuliruka. Ningeweza kusema: ngoja nitazame tena. Ningeweza kusema: kompyuta hii ina matatizo. Nilichosema, kwa sauti ya upole ya mtu anayefariji wafiwa, ni hiki:

"Dada yangu, huenda hawakukuchagua."

Hakukasirika. Aliifikiria sentensi yangu kwa muda, kama fundi anayesikiliza injini.

"Yule wa Ibadakuli ana mdogo wake," akasema. "Naye aliomba. Amekataliwa. Lakini kaandikiwa kwamba amekataliwa. Mimi hata kukataliwa sijakataliwa."

Nilifungua programu. Tulisubiri. Ikaniuliza neno la siri, ikaghairi, ikafunguka: hakuna ujumbe mpya.

"Hawa watu wa dhahabu waliokuwa wanakusumbua," akasema, "siku hizi hawaandiki?"

"Wanaandika. Nimeweka chujio. Linazuia."

"Linawazuia, halafu linazipeleka wapi barua zao?"

"Linaziweka pembeni."

"Pembeni wapi?"

Swali zuri. Sikuwahi kuliuliza. Nilibofya huku na huku mpaka nikaona dirisha dogo lililoandikwa "zilizozuiwa", na ndani yake orodha ya barua mia tano na ushee. Chini yake maandishi madogo yalieleza kwamba kila barua hufutwa moja kwa moja baada ya siku kumi na nne. Wote wawili tuliyasoma maandishi hayo.

Nikasema tutumie kisanduku cha kutafutia, ni kazi ya sekunde moja. Nikaandika "mgodi". Kale kaduara kakaanza kuzunguka, kakazunguka, kakazunguka, kisha skrini nzima ikapauka. Ikabidi nizime na kuwasha upya. Nikataka kujaribu neno lingine.

"Acha, Mwalimu. Hayo ni magwangala," akasema. "Hayatafutwi hivyo."

Yeye alizaliwa upande wa Geita, na utoto wake aliupitisha kwenye magwangala, yale mawe ambayo mgodi mkubwa ukishayaona hayana faida huyamwaga nje, na wanakijiji wakayapekua kutafuta chembe zilizosahaulika. Alivuta kiti akakaa kando yangu, akaanza kunieleza huku macho yake yako kwenye orodha.

"Lori likishamwaga, wageni wanakimbilia juu kwenye yanayong'aa. Mama yangu alikuwa anaanzia chini. Anachukua jiwe, analigeuza, analiweka nyuma yake. Jingine, analigeuza, nyuma. Haruki hata moja. Ukiruka moja, anasema, huwezi tena kulala, utalifikiria lile."

"Na alikuwa anapata?"

"Mimi si nimefika kidato cha nne?"

Basi tukaanzia chini, kwenye zile zilizobakiza siku chache kabla ya kufutwa. Mimi nilifungua, yeye alisema "nyuma" nikafunga. Nyuma. Nyuma. Mtu wa kuuza dhahabu. Mjane wa jenerali. Nyuma. Mtu mwingine wa dhahabu, huyu na picha. Jirani yangu alisogea akaitazama picha ile kwa sekunde mbili.

"Hii ni shaba," akasema. "Nyuma."

Tulikuta ratiba ya kwaya, ambayo kwa bahati ilikuwa ya mwezi uliofuata. Tulimkuta mhariri wangu. Alikuwa ameandika mara saba. Ya kwanza ilidai makala, ya pili ilikumbusha, ya tatu ilikuwa na hasira, na kuanzia ya nne akawa mpole kwa namna ya kutisha. Ya saba iliuliza kama kuna ndugu yangu yeyote anayeweza kumjibu kwa niaba yangu. Kumbe alikuwa ananiheshimu kama watu wanavyowaheshimu marehemu.

Baada ya hapo, "nyuma" nyingine nyingi. Halafu mkono wake ukanishika kiwiko.

"Hiyo."

Niliifungua. Nimesoma barua nyingi za kitapeli maishani mwangu, na nakiri kwamba sijaona iliyofanana na utapeli kuliko ile barua halali. Ilianza na HONGERA kwa herufi kubwa. Ilisema UMECHAGULIWA. Ilitaja mgodi wa dhahabu mara tatu. Ilimwita mpokeaji Bibi, ikafuatiwa na jina ambalo si langu. Ilikuwa na kiambatisho, na mwishoni ilisihi: tafadhali jibu haraka. Kila nilichomfundisha mlinzi wangu kukamata kilikuwemo. Lile chujio halikukosea hata nukta moja. Lilikuwa mwanafunzi bora niliyewahi kuwa naye.

Barua ilisema majaribio ya udereva na usaili vitafanyika Alhamisi, Bugarama, saa moja asubuhi. Atakayehudhuria athibitishe kwa barua pepe, kutoka anwani ileile aliyoombea, kabla ya saa kumi alasiri siku ya Jumanne. Asiyethibitisha nafasi yake itapewa mwingine.

Siku ile ilikuwa Jumanne. Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

"Nisamehe sana, dada."

"Nitakusamehe saa kumi na moja," akasema. "Sasa jibu."

Nikaanza kuandika. Aliinama akasoma juu ya bega langu.

"'Mintarafu' ni nini?"

"Ni kama kusema kuhusu."

"Basi andika kuhusu. Au usiandike. Andika nitakuja."

"Ni barua rasmi, lazima iwe na utangulizi. Nilikuwa naeleza sababu za kuchelewa."

"Hawajauliza sababu. Wanataka kujua kama nitakuja."

Niliibakiza aya moja kwa sababu ya ukaidi, nikabofya tuma. Likatokea dirisha ambalo sikuwahi kuliona. Chujio lilikuwa linakagua pia barua zinazotoka. Liliisoma barua yangu, yenye neno dhahabu, hongera na haraka, iliyosainiwa kwa jina lisilo langu, likanieleza kwa adabu kwamba ujumbe huu unafanana na taka, na likaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Kaduara kakaanza. Skrini ikapauka. Nilizima, nikawasha, nikaandika tena, nikatuma tena. Nilijaribu kuliondoa kabisa lile chujio. Likakubali kwa unyenyekevu, likaondoka, na likaondoka na mipangilio yote ya programu ya barua. Ikawa sina barua za kuingia wala za kutoka. Nilikuwa na saa nzuri ya ukutani tu, inayosema saa nane na dakika ishirini.

Jirani yangu alikuwa ameacha kuitazama kompyuta. Alikuwa anaigeuzageuza kofia yake taratibu, akifuata ukingo kwa vidole.

Mke wangu aliingia wakati huo, ametoka shuleni, mikono imejaa madaftari ya kusahihisha. Alisalimiana na jirani, akanitazama mimi, akaitazama kompyuta, akaweka madaftari chini. Tulimweleza. Kusema kweli, jirani alimweleza. Mimi nilikuwa nafuta miwani.

"Si mfungue kwenye simu?" akasema.

"Neno la siri silikumbuki," nikasema. "Programu ndiyo ilikuwa inalikumbuka."

Alikwenda chumbani. Alirudi na daftari lake la zamani la maandalio ya masomo, akafungua jalada la nyuma. Palikuwa pameandikwa kwa kalamu nyekundu, tangu mwaka tuliponunua ile kompyuta.

"Uliniambia utalikumbuka," akasema. "Nikaliandika siku hiyohiyo."

Alifungua barua zangu kwenye simu yake kwa muda mfupi kuliko niliotumia mimi kutafuta neno mintarafu. Simu akampa jirani. Yeye aliishika kwa mikono miwili, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole, bila kuniuliza kitu: Nimepokea. Nitakuja Alhamisi. Leseni ninayo. Akaweka jina lake, akatuma. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Neno moja: Imepokelewa.

"Haya," akamwambia mke wangu, akirudisha simu. "Mwalimu nimemsamehe. Ila nawe, dada, uwe unamwangalia."

"Namwangalia tangu tuoane," mke wangu akajibu. "Ni kazi ya kutwa."

Jumatano alipanda basi la Kahama, na kutoka hapo akapata gari la Bugarama. Ijumaa jioni alirudi. Alisema ngazi ya kupandia lile lori ni kama ya kupandia darini, na ukishakaa juu huoni tena mbele ya tairi, inabidi umwamini aliyekufundisha.

"Na ulifanyaje?"

"Nilirudi nyuma na gari mara mbili bila kugusa kigingi. Mmoja wao akaandika kitu."

"Aliandika nini?"

"Mwalimu, aliandika karatasini mwake. Wamesema majibu yatakuja kwenye imeili."

Nilimshauri afungue anwani yake, mke wangu amsaidie, awapelekee watu wa mgodi. Alikataa. Alisema akibadilisha anwani katikati ya safari wataona ni mtu wa mashaka, na kwamba sanduku alilolichagua ni langu. Nililielewa hilo, nikalipokea kama adhabu, na kwa kweli nikafurahi.

Siku zilizofuata niliishi bila chujio. Wauza dhahabu walirudi wote, na wameleta ndugu zao. Kila asubuhi nilikaa na chai na kuzisoma barua kutoka chini kwenda juu, moja moja, bila kuruka, pamoja na zile ambazo zamani ningezifuta kwa kuona mwanzo tu. Si kazi mbaya. Asubuhi ya Shinyanga wakati wa kiangazi ni ya baridi kidogo na vumbi bado limelala, na mtu mwenye kazi ya uhakika mbele yake huwa hana haja ya kufikiria makala aliyoahidi. Mhariri alipata zote mbili alizokuwa ananidai. Uani nilikuwa nasema "bado" ileile, ila sasa niliisema nikiwa nimetazama kweli, na nadhani jirani alisikia tofauti yake.

Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi uishe wakati nilipoiona, kati ya mtu wa bima na mtu wa dhahabu. Ilianza na HONGERA. Niliisoma mara mbili nikitafuta utapeli na sikuupata.

Sikupaza sauti juu ya ua. Nilibeba kompyuta ikiwa wazi, nikavuka hadi kwake nikiwa na kandambili. Alikuwa chini ya lori la pamba, miguu tu inaonekana, anatia grisi.

"Mayu, imekuja."

Miguu ilitulia. Kisha akajivuta nje, akakaa chini na mgongo kwenye tairi. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Nikusomee?"

"Hapana. Nishikie."

Nilichuchumaa nikamshikia kompyuta usawa wa macho, nikigeuza skrini isipigwe na jua. Alisoma huku midomo yake ikicheza. Alipofika mwisho alinyoosha kidole, bila kugusa, kuniashiria nipandishe juu. Nikapandisha. Akaisoma tena yote, kuanzia kwenye jina lake.

"Naanza tarehe moja," akasema.

"Tarehe moja."

"Basi leo nimpigie mwenye lori, atafute mtu." Alijifuta jasho kwa bega, akabaki ameitazama ile barua kidogo. Kisha akalala chali na kuanza kujisukuma kurudi chini ya gari. "Nimalizie kutia grisi vitundu hivi viwili, Mwalimu. Asije akasema nimemwachia gari bovu."